Swali ambalo simu yangu haiulizi

Simu ninayotembea nayo kazini ni chombo kizuri. Natanguliza hilo kwa sababu nina ombi zito kuhusu simu hiyo hiyo na watu wenye pumu, na sitaki mtu adhani nimeichoka. Kabla ya Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipoanza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 simu na mikoba ya vifaa, kazi yetu ilikuwa ya madaftari makubwa ya kurasa pana. Yalilowa mvua, yalipotea, na aliyepaswa kuyasoma aliyasoma mtoto akiwa ameshapona au ameshazikwa. Leo nikiingia katika kaya yoyote kati ya mia hivi nilizokabidhiwa hapa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, nafungua programu na kuona nani mjamzito, mtoto yupi hajamaliza chanjo, mzee yupi presha yake ilikuwa juu mara ya mwisho. Mtandao ukikatika naendelea kuandika; ukirudi, taarifa zinakwenda zenyewe.

Lakini kuna mtoto ambaye simu hii haimwoni. Nitamwita Kevo, ingawa si jina lake. Ana miaka tisa, anasoma, hana homa wala hajakonda. Usiku hulala akiwa ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akijinyoosha pumzi hukata. Wenzake wakicheza mpira kwenye kile kiwanja cha vumbi, yeye hukimbia kidogo kisha husimama, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Mwalimu alimwandika mvivu. Mama yake, nilipomuuliza mara ya kwanza kama kuna mgonjwa nyumbani, alinijibu, "Hakuna, Mama Shiro. Huyu ana kifua tu, ni cha tangu utotoni."

Kifua tu. Nimelisikia jibu hilo katika nyumba nyingi sana, na linasemwa kwa utulivu kama mtu anayekuambia mtoto wake anatumia mkono wa kushoto.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, programu inaniongoza vizuri. Inauliza kama anakohoa na tangu lini, kisha inaniambia nihesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka mmoja kuendelea akifika 40, hiyo ni pumzi ya kasi na tunaichukulia kuwa nimonia. Utaratibu huo umetoka Shirika la Afya Duniani, na umeokoa watoto wengi kwa sababu nimonia huua upesi na dawa yake ni rahisi. Siupingi hata kidogo. Ila mtoto mwenye pumu naye hupumua kwa kasi, na kuhesabu peke yake hakutofautishi mapafu yaliyojaa maambukizi na njia za hewa zilizobana. Kevo alipitia humo utotoni: mara nimonia, mara nimonia tena, katikati ni chupa za dawa ya kikohozi kutoka kemisti. Alipotimiza miaka mitano alitoka kwenye ukurasa wa watoto wagonjwa, na hakuna ukurasa mwingine uliompokea.

Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu ambao ningependa kila mzazi wa Nairobi aujue. Uliitwa Tupumue. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Liverpool waliwalinganisha wanafunzi wa Mukuru na wa Buruburu, mitaa miwili iliyoachana kwa kilomita chache tu, mmoja wa mabati na mwingine wa nyumba za mawe na vigae. Watoto walikuwa 2,373, na matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Mukuru, asilimia 9.5 ya watoto walikuwa na mlio wa kifua katika mwaka uliopita. Buruburu ni asilimia 6.4. Waliosumbuliwa na pumzi Mukuru walikuwa asilimia 16.3, Buruburu 12.6, na dalili za watoto wa Mukuru zilikuwa kali zaidi. Sasa wangapi walikuwa wameambiwa na daktari kwamba wana pumu? Buruburu, asilimia 2.8. Mukuru, asilimia 1.2.

Yaani kule ambako vifua vinalia zaidi ndiko ambako ugonjwa haujatajwa. Watoto walipopuliza kwenye mashine ya spirometri, inayopima nguvu ya pumzi, mapafu ya pande zote mbili hayakutofautiana. Kwangu hilo ni jambo la kutia moyo sana, maana linaniambia kwamba mtoto wa Mukuru hajazaliwa na kifua kibovu kuliko cha mwenzake. Amekosa tu mtu wa kumwambia jina la ugonjwa wake, na asiye na jina la ugonjwa hapewi dawa yake.

Ndiyo maana nikisikia habari za teknolojia ya kupunguza pengo la pumu kati ya maskini na wenye nacho, swali langu la kwanza ni hili: inaanzia wapi? Nimesoma kuhusu mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Kule, kuanzia mwaka 2015, watu 1,147 walifungiwa kidude kidogo juu ya inhela zao, vile vikopo vya kuvutia dawa ya pumu kwa mdomo. Kila walipobonyeza, kidude kilirekodi saa na mahali, na simu ikawaonyesha ni wapi na lini wanabanwa zaidi. Matumizi ya inhela ya dharura yalishuka kwa asilimia 78, na ramani ile iliusaidia mji kufikiria miti na barabara zake upya. Ni kazi nzuri, na natamani siku moja ifike huku. Lakini kidude hicho hukaa juu ya inhela. Kevo hakuwa na inhela. Hakuwa hata na sababu iliyoandikwa popote ya kuipata.

Kwetu ilibidi tuanze na sauti. Tabibu wa zahanati yetu alinitumia kwa simu sauti ya sekunde chache ya kifua cha mtoto mwenye pumu, ule mluzi mwembamba unaotoka wakati wa kushusha pumzi. Wazo lenyewe si geni: utafiti mkubwa wa kimataifa wa pumu ya watoto ulioanza mwaka 1991 na kuitwa ISAAC uliwaonyesha vijana video za watu waliobanwa, ili kila mmoja aseme kama hilo limewahi kumpata bila kuhangaika na maelezo. Niliicheza sauti hiyo nyumbani kwa Mama Kevo akiwa anasuuza vyombo mlangoni. Aliacha sufuria ndani ya karai. Akaniambia nirudie. Kisha akasema, "Hiyo. Hiyo ndiyo ya saa tisa usiku," akamwita shosho wa nyumba ya pili aje asikilize, na shosho akatikisa kichwa akasema hata marehemu mumewe alikuwa hivyo hivyo, akilala kwenye kiti. Ukimuuliza mzazi wa hapa, "Mtoto ana pumu?" atakwambia hapana na hatakuwa amedanganya. Mchezee ile sauti, usubiri.

Baada ya sauti huja kipima pumzi. Hiki hakimo kwenye mkoba wangu. Nilichonacho nimeazimwa na tabibu. Ni bomba la plastiki lenye mshale mdogo pembeni, halina betri wala waya, halihitaji stima. Daktari Mwingereza Martin Wright ndiye aliyebuni aina yake ya kwanza katika miaka ya 1950, na hiki kidogo cha mkononi kilifuata miongo miwili baadaye. Mtoto anasimama, unarudisha mshale chini, anavuta pumzi hadi tumbo lijae, anabana midomo kwenye bomba na kupuliza kwa mshindo mmoja. Mara tatu, unaandika ya juu kabisa. Tabibu humpa dawa ya kufungua njia za hewa, mnangoja robo saa, mnarudia. Mshale ukiruka juu sana, hiyo inaonyesha kwamba njia zilikuwa zimebana na zinaweza kufunguka, na hapo ndipo neno pumu linapoandikwa kwenye kadi. Kwa watoto wadogo si rahisi, maana wengi hupuliza kama wanazima mshumaa wa keki. Kwa wa darasa la kwanza kwenda juu, inawezekana kabisa.

Kisha ije chupa. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kifaa hiki ndicho nikipendacho kuliko vyote.

Mtoto akibonyeza inhela moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi hugonga koo na ulimi na kuishia tumboni. Anahitaji chemba katikati, ambamo dawa itatulia kama ukungu na yeye aivute taratibu. Chemba za kiwandani huitwa spesa, na mara nyingi bei yake inazidi ya inhela yenyewe. Mwaka 1999, Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet jaribio walilowafanyia watoto wa miaka 5 hadi 13 waliobanwa na pumu: wengine walitumia spesa ya kiwandani, wengine chupa ya plastiki ya nusu lita, wengine kikombe cha plastiki nyepesi. Chupa iliyozibwa vizuri pale inapoingia inhela ilifanya kazi sawa na ya kiwandani. Kikombe kilishindwa.

Tunaitengeneza hivi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, iwe imenyooka na haijabonyea. Weka mdomo wa inhela kwenye kitako chake na uuzungushie kalamu. Pasha waya kwenye moto, kisha ufuate ule mstari hadi kipande kitoke. Ukitumia kisu tundu huwa na kingo zilizopasuka na hewa hutoroka. Tundu libane inhela kabisa, na pakibaki mwanya ziba kwa gundi. Osha chupa kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, kwa sababu ukisugua plastiki inapata umeme unaovuta dawa ikagandamana ukutani. Tikisa inhela, ichomeke kitakoni, mtoto afunge midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi polepole mara tano bila kutoa chupa mdomoni. Ngoja kidogo, tikisa tena, rudia kama ulivyoelekezwa. Kwa mtoto asiyeweza kubana midomo, utahitaji spesa yenye barakoa ya kufunika pua na mdomo kutoka hospitali; usijaribu kubuni.

Kevo alipotumia yake mara ya kwanza, mama yake alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Hakuipenda inhela. Hapa mtaani inhela ni kitu cha mtu aliye mahututi, na karibu kila mzazi amesikia kwamba ukishaianza huiachi maisha yako yote. Vidonge na dawa za maji za salbutamol kutoka kemisti haviogopwi, ingawa ndivyo vinavyofanya moyo wa mtoto udunde na mikono itetemeke, kwa sababu dawa inapita mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Shuleni nako kuna watoto wanaoficha inhela chini ya kitabu ili wasichekwe, na nimekutana na walimu wanaoifungia kabatini ofisini kwa nia njema kabisa. Hakuna programu ya simu itakayoyaondoa hayo. Yanaondoka kwa jirani kumwona mtoto wa jirani akirudi uwanjani.

Jambo gumu kulieleza kuliko yote ni tofauti ya inhela ya bluu na ile ya kahawia. Ya bluu, salbutamol, hufungua kifua kwa dakika chache, kwa hiyo ndiyo inayopendwa. Ya kahawia, ambayo kwetu kwa kawaida ni beclometasone, haimpi mtoto nafuu yoyote anayoihisi siku hiyo. Hupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, kila siku, hata siku ambazo mtoto ni mzima. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unashauri mtu mwenye miaka kuanzia 12 asitibiwe kwa ya bluu peke yake, kwa sababu kuitegemea hiyo pekee ni hatari. Mwaka huo huo pumu iliua watu 455,000 duniani kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu. Lakini ya kahawia ndiyo inayokosekana kwenye rafu za zahanati, na dukani inamla mzazi mshahara wa siku ya kibarua. Mtu akiniuliza ni teknolojia gani ya pumu nataka iletwe Mukuru kesho asubuhi, jibu langu ni inhela ya kahawia, kila mwezi, bila kukosa.

Vifaa vya kisasa navyo vina upofu wake, na ni vizuri tuujue kabla havijatufikia. Kile kipima oksijeni cha kubana kidoleni, ambacho siku hizi kiko karibu kila zahanati, humulika mwanga kupitia ngozi. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba pale kifaa kiliposoma oksijeni kati ya asilimia 92 na 96, wagonjwa weusi asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya wazungu. Kwa hiyo mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ngozi ikizama katikati ya mbavu kila anapovuta, au midomo ikibadilika rangi, namba ya kidoleni isikutulize. Mpe ya bluu kwa chupa, ukibonyeza mara moja moja, na muwe njiani kwenda hospitali wakati huo huo.

Kuhusu vipima hewa vidogo vya bei nafuu, kama vile vya AirQo vilivyobuniwa Chuo Kikuu cha Makerere, nina msimamo. Navitaka sana, ila si kwa ajili ya simu ya Mama Kevo. Ukimwambia leo hewa ni mbaya, abaki ndani, ndani ni futi kumi kwa kumi na jiko la mafuta ya taa limewashwa. Anajua hewa ni mbaya. Anaiona ikitoka viwandani, anainusa wale vijana wanapochoma nyaya wapate shaba, na jioni majiko ya makaa yanapotolewa nje kwenye kichochoro upana wake mtu na nusu. Namba hizo ni za kupelekwa kwa wenye uwezo wa kuamua. London kulikuwa na msichana aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah, wa miaka tisa, aliyefariki kwa pumu Februari 2013 akiishi karibu na barabara yenye magari mengi. Mama yake, Rosamund, hakunyamaza. Kituo cha kupima hewa kilichokuwa kama kilomita moja na nusu kutoka kwao kilikuwa kimehifadhi namba, mtaalamu akazilinganisha na siku alizolazwa, na Desemba 2020 uchunguzi wa kifo ukatamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kumuua. Pasipo namba zile angebaki kuwa mtoto mwenye kifua. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwaka wa chembe ndogo kabisa hewani usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo. Nataka Mukuru iwe na rekodi yake ya kulinganisha na hiyo, mtaa kwa mtaa, imewekwa mahali ambapo hakuna atakayeifuta.

Tupumue iliyataja pia yale yaliyoendana na vifua vibaya katika mitaa yote miwili: moshi na mivuke, dawa za mbu za kuchoma, mtu mzima anayevuta sigara nyumbani, taka zinazochomwa karibu, nyumba iliyo jirani na barabara. Dawa ya mbu ya kuchoma na sigara ninazizungumza mlangoni na mara nyingi nasikilizwa. Taka haziko mikononi mwa mama wa nyumba hadi pawe na gari la kuzizoa.

Ombi langu kwa wanaoandika programu ya simu zetu ni dogo. Ongezeni swali moja kwenye ziara ya kaya, lisiulize umri: "Je, kuna mtu yeyote hapa aliyekuwa na mlio wa kifua, au aliyeamshwa usiku na kukosa pumzi, katika miezi 12 iliyopita?" Wekeni ile sauti pembeni yake, nibonyeze mzazi asikie. Jibu likiwa ndiyo, programu inipe rufaa ya kumwandikia kwenda zahanati, na baada ya mwezi inikumbushe nirudi kuuliza kama alipata ya kahawia na kama bado anayo. Na hesabu ya waliojibu ndiyo ifike kwa anayeagiza dawa za kaunti, kwa sababu dawa huagizwa kwa hesabu ya wagonjwa waliosajiliwa, na vifua vyetu havijasajiliwa.

Nimeliandika ombi hilo na kumkabidhi msimamizi wangu, naye amelipeleka mbele. Hadi lijibiwe, nimerudia daftari, dogo la mistari, ambalo tabibu hulipitia kila Alhamisi na kuniambia nimlete nani. Kurasa za mbele ni za watoto wa shule. Kurasa za nyuma nimeanza kuwaandika akina mama wanaokaanga chipsi na mandazi kando ya barabara, maana nilipoicheza ile sauti kwa ajili ya watoto wao, watatu waliniambia hiyo ni yao wenyewe.